Mtakatifu Fransisko wa Sales na Hofu ya Wazazi

Kila tarehe 24 Januari Kanisa humkumbuka Mtakatifu Fransisko wa Sales, Askofu na Mwalimu wa Kanisa, ambaye Baba Mtakatifu Pio XI alimweka mwaka 1923 kuwa msimamizi wa waandishi Wakatoliki. Sisi wa magazeti tuna deni kwake, lakini leo hatukusudii kuisifu kalamu yake. Twataka kuwasimulia akina baba na akina mama habari za kijana aliyeamini, kwa muda wa majuma sita, kwamba Mungu amekwisha kumtupa, na jinsi kijana yule alivyopata kuwa mfariji wa wazazi waliohofia roho za watoto wao.

Sababu tunayo. Si mara moja wala mbili tumesikia mzazi, ambaye mwanawe ameacha Misa na kushika njia mbaya, akisema kwa huzuni kwamba ndivyo mtoto yule alivyoandikiwa. Neno hilo hutoka kinywani kwa wepesi, wala alisemaye hakusudii ubaya. Hata hivyo lina mzizi mrefu, na mtakatifu wetu aliuonja uchungu wake.

Fransisko alizaliwa tarehe 21 Agosti 1567 katika jumba la Sales, kijijini Thorens, nchi ya Savoy, ambayo siku hizi ni sehemu ya Ufaransa. Baba yake, bwana wa Boisy, alikuwa mtu mzima aliyezoea kuamuru na kutiiwa. Mama yake, Françoise de Sionnaz, alikuwa na umri wa miaka kama kumi na mitano tu, na huyo ndiye mtoto wake wa kwanza. Mji wa Geneva haukuwa mbali, nao ulikuwa umeachana na askofu wake tangu miaka ya 1530. Humo ndimo Jean Calvin alimofundisha mpaka alipokufa mwaka 1564.

Calvin alifundisha ya kwamba Mungu, kabla ya kuumba ulimwengu, wala bila kutazama mema au mabaya ya mtu, amewapanga wengine kwa uzima wa milele na wengine kwa hukumu ya milele. Tuseme kwa haki: hakulifundisha jambo hili kwa kupenda kuwatisha watu. Alidhani kwamba mwamini atapata raha akijua kuwa wokovu wake umo mikononi mwa Mungu, si mikononi mwake mwenyewe aliye dhaifu. Lakini mama anayemtazama mwanawe amelala, asijue kama amepangwa huku au kule, na akiamini kwamba sala yake haiwezi kubadili kitu, atapata raha gani? Wakalvini wenyewe waliliona swali hilo. Katika mkutano wao mkuu wa Dordrecht, mwaka 1618 na 1619, walitangaza kwamba wazazi wachaji wasiwe na shaka juu ya wokovu wa watoto wao wanaokufa wakiwa wachanga. Faraja ile ilikuwa njema, ila iliishia kwa wachanga.

Turudi kwa Fransisko. Baba yake alimpeleka Paris pamoja na mlezi, Padre Déage, asome katika chuo cha Wajesuiti kilichoitwa Clermont. Wakati ule habari ya uteule wa milele ilikuwa ikijadiliwa kila mahali, na Wakatoliki kama vile na Wakalvini. Tusidhani kwamba kijana huyu aliingia uzushi. Alikuwa akisoma mafundisho ya Mtakatifu Augustino na ya Mtakatifu Tomaso, jinsi yalivyofafanuliwa na baadhi ya walimu, akaona humo mlango mwembamba uliofungwa kwa ndani. Basi mwezi wa Desemba 1586, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, wazo likamshika kwamba yeye hayumo katika hesabu ya wateule. Hakuweza kula wala kulala. Mwili ukadhoofika, hata Padre Déage akaogopa kwamba atakufa. Wazazi wake, kule mbali Savoy, walifurahia sifa za mtoto wao msomi. Mara ngapi mtoto aliye mbali na nyumbani hupita katika giza ambalo wazazi wake hawalijui!

Siku moja ya Januari 1587, akitoka masomoni, aliingia katika kanisa la Saint-Étienne-des-Grès, akapiga magoti mbele ya sanamu nyeusi ya Mama Maria wa Ukombozi Mwema. Hakumwomba Mungu amwonyeshe kama ameteuliwa au hakuteuliwa. Alimwambia Mungu kwamba, kama haitampasa kumpenda katika maisha yajayo, basi walau ampenda kwa nguvu zake zote katika maisha haya. Kisha akaisali sala ya Kumbuka, iliyokuwa imeandikwa kwenye ubao palepale kanisani. Alipoinuka, hofu ilikuwa imemtoka, naye alisema baadaye kwamba aliona kama magamba ya ukoma yanamdondoka. Kanisa lile lilibomolewa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, ila sanamu iliokolewa, nayo imehifadhiwa na masista huko Neuilly-sur-Seine.

Tuangalie vema ni nini kilichomponya. Hoja hazikumponya, hoja zilikuja baadaye, alipokuwa Padua akisomea sheria na teolojia, toka mwaka 1588 hata 1591. Huko, kwa unyenyekevu na kwa kusitasita, maana waliompinga walikuwa walimu wakubwa kuliko yeye, aliishika rai kwamba Mungu anataka kwa kweli watu wote waokoke, huwapa wote neema ya kutosha, na humpa mtu utukufu akiwa ameona tangu milele jinsi atakavyoitumia neema ile. Mtaguso wa Trento ulikuwa umekwisha kulihukumu, mwaka 1547, fundisho la kuwa neema hupewa walioteuliwa peke yao. Mengine uliwaachia wanateolojia waendelee kushindana, nao walishindana kweli, hata Baba Mtakatifu Paulo V, aliyetaka pia shauri la Fransisko, akakata mwaka 1607 kwamba upande mmoja usiuhukumu mwingine. Sisi hatutajaribu kuufungua mlango ambao Papa aliufunga kwa busara. Inatosha kujua kwamba Mkatoliki haruhusiwi kusema juu ya mtoto wake, wala juu ya nafsi yake, kwamba Mungu hakumtaka.

Na baba yake je? Bwana wa Boisy naye alikuwa na mpango wake uliokwisha kuandikwa. Mwanawe atakuwa mwanasheria mkuu katika baraza la Chambéry, atarithi ardhi, ataoa; mchumba alikuwa amekwisha kupatikana. Fransisko alipomwambia kwamba anataka upadre, mzee alihuzunika sana, akakubali kwa shida. Tunamtaja kwa sababu wako wazazi wema wanaouhofia wito wa mtoto wao kuliko dhambi zake. Fransisko alipewa upadre tarehe 18 Desemba 1593, na mtu wa kwanza aliyembatiza alikuwa dada yake mdogo Jeanne, mtoto mchanga wa mama yake mwenyewe.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba, alikwenda Chablais, kando ya ziwa la Geneva, kuwarudishia imani watu waliokuwa wamelelewa katika mafundisho ya Calvin kwa karibu miaka sitini. Baba yake alimkataza, hakutaka kumsaidia hata kwa fedha. Alikwenda pamoja na binamu yake Louis, wakilala katika ngome ya Allinges na kushuka kila siku kwa miguu mpaka mji wa Thonon, baridi na theluji zikiwapiga. Watu hawakuthubutu kuja kumsikiliza. Ndipo alipoanza kuandika mafundisho mafupi kwenye karatasi na kuyapitisha chini ya milango ya nyumba, na kwa sababu hiyo sisi waandishi tukapewa kuwa wake. Ilipofika mwaka 1598 sehemu kubwa ya nchi ile ilikuwa imerudi katika Kanisa. Ukweli watutaka tuongeze kwamba mkono wa mtawala wa Savoy nao ulikuwa na kazi yake katika jambo hilo, wala si kila kilichofanywa na mtawala yule chafaa kusifiwa.

Katika siku zile, mwaka 1597, kwa agizo la Papa Klementi VIII, Fransisko aliingia Geneva kumtembelea Théodore de Bèze, mwandamizi wa Calvin, mzee wa karibu miaka themanini. Huyo ndiye aliyechapisha, mwaka 1555, jedwali la kuonyesha njia mbili za wanadamu, wateule na waliotupwa, zikishuka toka shauri la Mungu mpaka mwisho. Walizungumza kwa adabu, zaidi ya mara moja. Mzee hakurudi katika Kanisa, akafa Geneva mwaka 1605. Hakuna neno la ukali la Fransisko juu yake katika mazungumzo yale. Aliyewahi kudhani kwamba jina lake mwenyewe limo katika safu ya waliotupwa hakuwa na haraka ya kumwandika mwenzake humo. Na ndugu zetu wa makanisa yaliyotokana na Calvin, tusiwatwishe leo jedwali lile. Huko Scotland, kwa mfano, kanisa mojawapo la Kipresbiteri lilitamka mwaka 1879 kwamba fundisho la uteule lishikwe pamoja na ukweli kuwa Mungu hapendi hata mmoja apotee.

Mwaka 1602 Fransisko aliwekwa kuwa Askofu wa Geneva, akikaa Annecy, kwa kuwa Geneva yenyewe ilikuwa imefungwa kwake. Baba yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mwaka 1604, akihubiri Kwaresima katika mji wa Dijon, alikutana na mjane kijana, mama wa watoto wanne, ambaye mumewe alikuwa amepigwa risasi kwa bahati mbaya mawindoni. Ndiye Mtakatifu Yoana Fransiska wa Chantal. Katika barua za Fransisko kwa mama huyo wazazi wanapata hazina. Alimshauri awaongoze watoto kwa upole na kwa mifano mizuri, asiwashurutishe. Na katika kitabu chake juu ya maisha ya ibada, kilichotoka mwaka 1609, aliwakumbusha akina mama habari za Mtakatifu Monika, aliyemtolea Mungu mwanawe Augustino angali tumboni. Maana yake ni wazi. Sala ya mama, ubatizo, mafundisho ya nyumbani, hata machozi, vyote vimo ndani ya shauri la Mungu tangu milele, naye huokoa kwa njia hizo.

Mwaka 1607 Jeanne, yule dada aliyebatizwa naye, aliugua akakaa siku chache tu, akafa nyumbani kwa mama wa Chantal, akiwa na umri wa miaka kama kumi na minne. Fransisko alipopata habari alilia, wala hakuona haya kumkiri mjane yule kwamba yeye ni mtu kama watu. Mama yao alikipokea kikombe kile kwa imani kubwa. Askofu hakutafuta hoja za shule ili kumfariji mama yake. Alijua mtoto alikabidhiwa kwa nani, maana yeye mwenyewe ndiye aliyemkabidhi siku ya maji.

Lakini jaribu gumu zaidi lilikuwa la mtoto aliyebaki hai. Mwaka 1610 mama wa Chantal, baada ya kuwapangia watoto wake maisha yao, aliondoka Dijon kwenda kuanzisha pamoja na Fransisko shirika la masista wa Maria Kumtembelea Elizabeti. Mwanawe Celse-Bénigne, aliyekuwa na miaka kama kumi na minne, alijilaza kizingitini kumzuia. Mama alilia, kisha akapita juu yake. Hata leo kuna wasomaji wanaomlaumu kwa hilo, nasi hatuwashangai. Kijana alikua, akawa mtu wa mapambo, wa ikulu, na wa mapigano yale ya panga ya watu wawili wawili ambayo Kanisa liliyalaani kwa sababu aliyeuawa humo alikufa katika dhambi yenyewe. Mama hakuogopa kifo cha mwanawe. Aliogopa kifo cha namna hiyo. Fransisko alimfariji, akamwombea pamoja naye, asione mwisho. Alikufa Lyon tarehe 28 Desemba 1622, kwa kiharusi, katika chumba cha mtunza bustani wa masista. Celse-Bénigne alikuwa bado vilevile, na mwaka 1624, sikukuu ya Pasaka, aliingia tena katika pigano, akalazimika kukimbia na kujificha.

Mama aliendelea kusali. Mwezi wa Julai 1627 Waingereza waliposhuka katika kisiwa cha Ré, Celse-Bénigne alikuwa miongoni mwa waliowazuia ufukoni, akapigana kwa saa nyingi, akauawa. Yasimuliwa kwamba asubuhi ile, kabla ya vita, aliungama na kupokea Komunyo Takatifu. Mama yake alipoletewa habari, alipiga magoti, akamshukuru Mungu, akalia.