Swali la Mzulu lililotikisa Kanisa la Kianglikana

Mzozo kuhusu mamlaka ya Biblia umeligawa Kanisa la Kianglikana duniani, na sisi Wakenya hatuwezi kudai kwamba tu watazamaji tu. Mnamo Oktoba 2013, Waanglikana wenye msimamo wa kiinjilisti kutoka mabara yote walikutana katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, Nairobi, kwenye kongamano la GAFCON. Miaka kumi baadaye, mnamo Aprili 2023, kongamano hilo lilipoketi Kigali, lilitangaza kwamba haliwezi tena kumtambua Askofu Mkuu wa Canterbury kuwa kiungo cha umoja wa Waanglikana. Sababu ilikuwa uamuzi wa Sinodi Kuu ya Uingereza wa kuunga mkono sala za kuwabariki wapenzi wa jinsia moja.

Wengi wetu tumezoea kuutazama mzozo huu kama somo ambalo Afrika inamfundisha mzungu: yeye aliyetuletea Kitabu amekitupa, nasi tuliokipokea tumekishika. Picha hiyo ina ukweli wake. Hata hivyo, haijakamilika. Mtikisiko mkubwa wa kwanza kuhusu mamlaka ya Biblia katika Ushirika wa Kianglikana ulianzia papa hapa Afrika, na ulianzishwa na swali la Mwafrika. Aliyeulizwa alikuwa askofu. Jina lake ni John William Colenso.

Colenso alizaliwa St Austell, Cornwall, mnamo Januari 1814. Alikulia katika dhiki, lakini akili yake ilimfikisha Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako mnamo 1836 alishika nafasi ya pili katika mtihani mkuu wa hisabati. Alifundisha hisabati katika shule ya Harrow, kisha akaandika vitabu vya hesabu na aljebra vilivyotumiwa na wanafunzi wengi wa Uingereza wa zama zake. Baadaye alikuwa kasisi wa parokia ya mashambani huko Norfolk. Mnamo Novemba 1853 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Natal, katika nchi inayoitwa leo Afrika Kusini.

Alipofika huko, jambo la kwanza alilolitambua ni kwamba mhubiri asiyeijua lugha ya watu ni sawa na bubu. Aliweka makao yake karibu na Pietermaritzburg, mahali alipopaita Ekukhanyeni, yaani penye nuru. Akajifunza Kizulu kwa bidii isiyo ya kawaida. Aliandika sarufi ya lugha hiyo, na mnamo 1861 akatoa kamusi ya Kizulu na Kiingereza. Akatafsiri Agano Jipya na sehemu za Agano la Kale. Wazulu walimwita Sobantu, yaani baba wa watu, na msomaji wa Kiswahili hatakosa kuwaona watu ndani ya jina hilo.

Sisi tunaoishi kwa kuchunguza lugha tunamheshimu kwa jambo jingine. Wamishenari wengi walilitumia neno uThixo kumtaja Mungu, neno lenye asili ya Kikhoi. Colenso aliwauliza Wazulu wenyewe, akasadiki kwamba tayari walimjua Mwenyezi kwa jina la uNkulunkulu. Katika jina hilo limo shina lile lile linalotupa -kuu katika Kiswahili. Maana ya uchaguzi huo haikuwa ndogo. Kwa kulikubali jina hilo, askofu alikiri kwamba Mungu alikuwa amefika Natal kabla ya meli ya wamishenari.

Katika kazi ya tafsiri alisaidiwa na Wazulu kadhaa, mmoja wao akiwa William Ngidi. Walipokuwa wakiitafsiri habari ya Nuhu na gharika, Ngidi alimwuliza askofu kama kweli aliyasadiki hayo yote: kwamba wanyama wote, wakubwa kwa wadogo, kutoka nchi za joto na za baridi, waliingia katika safina moja, na kwamba Nuhu aliwakusanyia wote chakula. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Lakini swali lile lilimchoma askofu moyoni, kwa kuwa alijua kidogo kuhusu jiolojia na alishindwa kumjibu mwenzake ndiyo kwa dhamiri safi.

Akarudi kwenye silaha aliyoizoea, yaani hesabu. Kuanzia 1862 hadi 1879 alitoa sehemu saba za uchunguzi wake kuhusu vitabu vitano vya Musa na kitabu cha Yoshua. Alipiga hesabu kwamba wanaume 600,000 waliotoka Misri wangehitaji taifa la watu zaidi ya milioni mbili, ambalo lisingeweza kuishi jangwani wala kukusanyika mbele ya mlango wa hema. Alionyesha pia kwamba, kwa hesabu ya wazaliwa wa kwanza iliyomo katika kitabu cha Hesabu, kila mama wa Kiisraeli angelazimika kuzaa wana wa kiume zaidi ya 40.

Uingereza ilichemka. Magazeti yalimkejeli kwamba askofu alikwenda kuwageuza Wazulu, Wazulu wakamgeuza yeye. Mnamo Desemba 1863, Robert Gray, Askofu wa Cape Town, alimhukumu kuwa mzushi na kumvua uaskofu. Mnamo 1865 Baraza la Malkia mjini London liliamua kwamba Gray hakuwa na mamlaka ya kisheria ya kutoa hukumu hiyo. Gray hakukubali, alimtenga Colenso na Kanisa, na mnamo 1869 askofu wa pili, William Macrorie, akawekwa wakfu kuwahudumia Waanglikana wa Natal. Mji mmoja ukawa na maaskofu wawili wasiosalimiana. Mkutano wa kwanza wa maaskofu huko Lambeth, mnamo 1867, uliitishwa kwa sehemu kubwa kwa sababu ya mzozo huo, na Colenso mwenyewe hakualikwa.

Je, Colenso alikuwa na haki? Kwa maoni yangu, alikosea na alipatia. Alikosea kuifanya Torati daftari la mwanahisabati. Laiti angeyasikiliza maneno ya Kiebrania kwa sikio alilowategea Wazulu! Neno la Kiebrania linalofasiriwa kuwa elfu, ambalo ni ndugu wa neno letu hilo hilo tulilolipata kwa Waarabu, linaweza pia kumaanisha ukoo au kikosi, na baadhi ya wataalamu waliokuja baadaye wamezisoma hesabu zile kwa maana hiyo. Sisemi kwamba jambo hilo linamaliza utata wote. Nasema tu kwamba anayeiheshimu Biblia hana budi kwanza kuiheshimu lugha yake.

Tena, wainjilisti wana hoja nzito dhidi yake. Kanisa lisilo na msingi wa pamoja haliwezi kumwambia mtu yeyote kwamba amepotoka. Kila askofu akiwa hakimu wa Maandiko kwa nafsi yake, mwisho wake ni ule ulioonekana Natal: mahakama, barua za matusi na waumini wasiojua wamfuate nani.

Lakini maisha ya Colenso yana sura ya pili, nayo ndiyo inayotuhukumu sisi wa leo. Mnamo 1873 serikali ya kikoloni ilimshambulia Langalibalele, chifu wa Wahlubi, kwa kisa cha bunduki zisizosajiliwa. Watu wake walitawanywa, ardhi yao ikanyakuliwa, naye akahukumiwa katika kesi iliyokuwa mzaha wa haki na kufungwa katika kisiwa cha Robben. Colenso alisafiri hadi London kumtetea, na gavana wa Natal akaondolewa. Walowezi wengi waliokuwa wamemwunga mkono dhidi ya Gray sasa walimpa kisogo. Alipomhoji Musa walimvumilia. Alipomtetea Mwafrika hawakumsamehe.

Mnamo Januari 1879 majeshi ya Waingereza yaliivamia nchi ya Wazulu na kupigwa vibaya huko Isandlwana. Mnamo Machi, koloni likiwa katika maombolezo na watu wakitaka kisasi, Colenso alipanda mimbarini na kuhubiri juu ya maneno ya nabii Mika kuhusu kutenda haki, kupenda rehema na kwenda kwa unyenyekevu mbele za Mungu. Aliwauliza wasikilizaji wake ni haki gani na rehema gani waliyokuwa wamewatendea Wazulu. Hadi alipofariki, tarehe 20 Juni 1883, hakuacha kumtetea Mfalme Cetshwayo. Binti yake, Harriette, aliiendeleza kazi hiyo kwa miaka mingi.

Basi nani kati yao aliyekuwa chini ya mamlaka ya Maandiko: mlowezi aliyeisadiki safina na kulinyakua shamba la Mhlubi, au askofu aliyeitilia shaka safina na kumtii Mika kwa gharama ya marafiki zake wote?

Kuna funzo jingine. Colenso alisema kwamba mwenye wake wengi asilazimishwe kuwafukuza ndipo abatizwe, kwani wanaoumia ni wanawake na watoto. Mkutano wa Lambeth wa 1888 ulikataa ubatizo wa wanaume hao. Mkutano wa 1988 uliukubali kwa masharti, na Askofu David Gitari wa hapa kwetu alikuwa mstari wa mbele kuutetea uamuzi huo. Ilichukua miaka 100 kwa Kanisa kusoma tena Kitabu kile kile na kuona kilichokuwa kimefichika. Lakini lilisoma pamoja, barazani, kwa Maandiko mkononi. Colenso hakuipata baraza ya namna hiyo, na wala hakuitafuta sana.

Kila mwaka hunijia mwanafunzi mmoja au wawili waliolelewa katika nyumba za waliookoka, wakiwa na swali la Ngidi midomoni. Wengi wao walikwisha kuliuliza kanisani wakaambiwa wasimjaribu Mungu. Hawapotezi imani kwa sababu ya swali. Huipoteza kwa sababu ya kunyamazishwa. Nasi tunaojivunia kwamba Afrika ndiyo mlinzi wa Biblia tukumbuke kwamba mlinzi asiyejua anachokilinda huibiwa mchana kweupe.

Ngidi alimwuliza askofu wake kwa kuwa alimwamini. Gray alimjibu askofu kwa hukumu, wala hakuna aliyejisumbua kumjibu Ngidi. Swali lake bado linasubiri, na wanaoliuliza leo ni watoto wetu.