Kellogg: Karani aliyetajirika kwa nafaka ya asubuhi

Will Keith Kellogg alizaliwa Aprili 7, 1860, mjini Battle Creek, jimbo la Michigan, Marekani. Ujanani aliuza mifagio, kisha akatumika kwa zaidi ya miaka 20 katika hospitali iliyoongozwa na kaka yake, Dk. John Harvey Kellogg.

Mwaka 1894, wakitafuta chakula chepesi cha wagonjwa, ngano waliyoichemsha ilikaa muda mrefu kuliko kawaida. Hawakuitupa. Waliipitisha kwenye roli, kila punje ikawa kipande chembamba, wakaioka. Hatua ni hizo hizo kwa anayetengeneza nyumbani: chemsha ngano nzima, ichuje, iache ipumzike, ibane kwa mti wa kusukumia chapati, kisha ikaushe kwa moto mdogo hadi iwe kavu kabisa.

C. W. Post, aliyewahi kutibiwa hapo, aliingia katika biashara ya nafaka na kutajirika. Will aliumia kuona fursa ikipotea, lakini daktari hakupenda biashara kubwa wala sukari.

Mwaka 1906 Will alianzisha kampuni yake ya mahindi, akatia sukari na kuweka saini yake kwenye maboksi. Ndugu hao walishtakiana; mwaka 1920 Will alishinda.

Alifariki Oktoba 6, 1951, akiwa na miaka 91. Usindikaji na jina vilimpa utajiri. Faida ya kiafya, hata hivyo, imo kwenye punje nzima isiyotiwa sukari, nayo haihitaji kiwanda.