John Coltrane: Aliyelipa Deni la Shukrani kwa Saksafoni

Ni wanamuziki wachache mno waliopata sifa kisha wakazipa kisogo. Mmoja wao ni marehemu John Coltrane, mpulizaji saksafoni wa Marekani.

Coltrane alizaliwa tarehe 23 Septemba, 1926, mjini Hamlet, jimbo la North Carolina, akalelewa katika mji wa High Point na jamaa za mama yake. Babu yake alikuwa mhubiri wa Kikristo, na baba yake fundi cherehani aliyependa kupiga ala za muziki. Alipokuwa na umri wa miaka 12, alifiwa na wote wawili katika muda wa miezi michache.

Mwaka wa 1943 alihamia Philadelphia, na mwaka wa 1955 akajiunga na bendi ya Miles Davis. Mwaka huo huo alimwoa Naima, mwanamke Mwislamu. Lakini wakati huo pombe na heroini zilikwisha kumtia pingu, na mwaka wa 1957 Davis akamfukuza kazi. Alirudi Philadelphia, na huko, akitunzwa na mama yake na mkewe, akaviacha vyote viwili. Baadaye alieleza kwamba mwaka huo Mungu alimzindua, naye akamwomba ampe uwezo wa kuwafurahisha watu kwa muziki wake.

Ombi hilo lilijibiwa. Mwaka wa 1958 alishiriki katika kurekodi wimbo ulioitwa Tanganyika Strut, wakati nchi hiyo ingali chini ya Waingereza. Mwaka uliofuata alitunga wimbo mpole akauita Naima, kwa jina la mkewe, na tarehe 9 Desemba, 1964, akarekodi A Love Supreme, santuri ya kumshukuru Mungu. Sehemu yake ya mwisho haina mwimbaji. Coltrane aliandika dua, ikachapishwa kwenye jalada, kisha akaifuata kwa saksafoni neno baada ya neno. Santuri hiyo ilipendwa sana.

Mtu mwingine angalirudia yale yale na kula matunda yake. Coltrane hakufanya hivyo. Tarehe 28 Juni, 1965, alikusanya wanamuziki 11 wakarekodi Ascension, kipande kimoja cha muda wa dakika 40 hivi. Kila mpulizaji alipata zamu yake ya kupuliza atakavyo, kisha wote wakavuma pamoja kama bahari ya kusi. Wasikilizaji wengi walishtuka, na katika maonyesho yake wengine walikuwa wakiinuka na kuondoka.

Hata wenzake walichoka. McCoy Tyner, mpiga piano aliyesilimu akiwa kijana, alilalamika kwamba haisikii piano yake mwenyewe kwa kishindo cha ngoma, akajitoa mwishoni mwa 1965. Mpiga ngoma Elvin Jones alimfuata mapema mwaka wa 1966. Naima pia alikuwa amekwisha kutengana naye, na piano ikapigwa na mkewe wa pili, Alice.

Julai 1966, akiwa katika safari ya Japani, alikwenda Nagasaki kuwaombea waliouawa kwa bomu la atomiki. Tarehe 22 Februari, 1967, aliingia studio na mtu mmoja tu, mpiga ngoma Rashied Ali, wakarekodi Interstellar Space. Hakuwahi kuiona ikiuzwa. Alifariki dunia tarehe 17 Julai, 1967, kwa saratani ya ini, akiwa na umri wa miaka 40. Santuri hiyo ilitoka mwaka wa 1974.

Je, aliyeomba awafurahishe watu alilivunja ombi lake kwa kupiga muziki uliowafukuza? Msomaji anayetaka kuamua na asikilize kwanza santuri ya 1964, kisha ile ya 1967. Pengine ataona kwamba zote mbili ni dua ya mtu yule yule. Ya kwanza aliisoma mbele ya umati, na ya pili wakati umati umepungua.