Charlotte Brontë: Mwandishi aliyeambiwa kutapika ni kawaida ya mimba

Kama una mimba changa na leo umeamka na ndoo kando ya kitanda, makala hii ni yako. Kama wewe ni mume, mama mkwe au dada wa mjamzito wa namna hiyo, ni yako zaidi, kwa sababu mara nyingi ninyi ndio mnaoamua kama apelekwe hospitali au aachwe alale.

Swali linalorudi kila mara kwenye safu hii ni hili: daktari, mke wangu anatapika kila anachokula, je ni kawaida ya mimba? Leo nitalijibu kwa kukusimulia maisha ya mwanamke aliyefariki mwaka 1855 huko Uingereza. Huenda jina lake ulilikuta shuleni. Ni Charlotte Brontë, aliyeandika riwaya ya Jane Eyre, ile ya msichana yatima anayekwenda kufundisha katika jumba la tajiri mwenye siri iliyofungiwa ghorofa ya juu.

Charlotte alizaliwa Aprili 21, 1816, katika jimbo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake, Patrick, alikuwa mchungaji wa Kanisa la Anglikana aliyetokea Ireland. Familia ilihamia Haworth, mji mdogo wa mlimani wenye upepo mkali, nyumba yao ikiwa imepakana na makaburi ya kanisa. Mama yao alifariki mwaka 1821 akiacha watoto sita, mdogo kabisa akiwa hajafikisha miaka miwili. Miaka minne baadaye dada zake wawili wakubwa, Maria na Elizabeth, walirudishwa nyumbani wagonjwa kutoka shule ya bweni, wakafa kwa kifua kikuu ndani ya wiki chache. Charlotte, mtoto wa tatu, akajikuta ndiye mkubwa akiwa na miaka tisa.

Usidhani Haworth ilikuwa ya ajabu kwa vifo vya familia hiyo peke yake. Mwaka 1850 serikali ilimtuma mkaguzi kuchunguza maji na vyoo vya mji ule. Aligundua kuwa zaidi ya watoto 40 katika kila 100 waliozaliwa hapo walikufa kabla ya kutimiza miaka sita, na wastani wa umri wa kufa ulikuwa takriban miaka 25. Vyoo vilikuwa vichache mno kwa idadi ya watu na maji ya visima yalichafuka. Ukiisoma taarifa ile leo unaweza kufikiri inazungumzia mtaa wa mabondeni unaoujua.

Katika mazingira hayo watoto wanne waliobaki walikua wakitunga hadithi. Mwaka 1847 Charlotte alichapisha Jane Eyre kwa jina la bandia, Currer Bell, na kitabu kikapendwa mara moja. Wadogo zake Emily na Anne nao walichapisha riwaya zao mwaka huohuo. Furaha haikukaa. Septemba 1848 kaka yao Branwell alifariki, Desemba mwaka huo akafuata Emily, na Mei 1849 Anne. Ndani ya miezi minane nyumba ilibaki na mzee na binti mmoja.

Nimekusimulia haya kwa sababu moja. Mtu aliyezika ndugu wote watano anajua sura ya ugonjwa mkubwa. Charlotte hakuwa mtu wa kudeka.

Mwaka 1852 mchungaji msaidizi wa baba yake, Arthur Bell Nicholls, alimposa. Mzee alikasirika kweli, na Arthur akaondoka parokiani. Lakini waliendelea kuandikiana kwa siri, mzee akalainika, na Juni 29, 1854, wakafunga ndoa asubuhi na mapema mbele ya watu wachache. Baba alikataa kwenda kanisani siku hiyo, bibi harusi akakabidhiwa na mwalimu wake wa zamani. Alikuwa na miaka 38, mwembamba, na kimo chake hakikufika futi tano. Wakaenda Ireland kwa fungate, na barua zake za miezi ile zinaonyesha mwanamke aliyeshangaa kuwa na furaha.

Mwanzoni mwa Januari 1855 alitembea kwenye majani yenye maji akiwa na viatu vyepesi, akapata mafua. Kilichofuata hakikuwa mafua. Kichefuchefu kilimwanza na hakikuisha. Harufu ya chakula tu ilimtosha. Kabla ya mwisho wa mwezi mumewe alituma watu kumwita daktari kutoka Bradford, mji mkubwa ulio umbali wa kilomita 16 hivi. Daktari alimpima, akathibitisha kuwa chanzo ni cha kawaida kwa mwanamke aliyeolewa, akasema ugonjwa utachukua muda lakini hakuna hatari ya haraka. Nyumba nzima ikapumua.

Ningependa usimame hapo kidogo, kwa sababu maneno ya daktari yule yangekuwa sahihi kwa wajawazito wengi. Takriban wanawake saba kati ya kumi hupata kichefuchefu katika miezi mitatu ya kwanza. Kwa kawaida huanza kabla ya wiki ya tisa, na kwa walio wengi hupungua kati ya wiki ya 16 na ya 20. Mama wa namna hiyo anatapika asubuhi lakini mchana anaweza kunywa uji. Anachagua vyakula, anataka ndimu au embe bichi, anakimbia harufu ya vitunguu vinavyokaangwa. Anachoka lakini anakojoa kama kawaida. Mtoto wake hapungukiwi kitu. Huyu anasaidiwa na kula kidogokidogo mara nyingi, kipande cha mkate mkavu au kiazi kabla hajainuka kitandani, tangawizi, na kupumzishwa jikoni. Vidonge vya madini chuma vya kliniki navyo humchafua tumbo mtu. Usivitupe, mwambie muuguzi akuelekeze kuvimeza usiku au akubadilishie.

Charlotte hakuwa huyo. Wiki zilipita na yeye akishindwa hata maji. Mwezi Februari hakuweza kuandika barua ndefu, akawa anaandika mistari michache kwa penseli akiwa amelala. Katika barua moja kwa rafiki alieleza kuwa usiku wake hausemeki na kwamba anajikamua hadi anachotapika kinachanganyika na damu. Katika nyingine, kwa rafiki yake wa tangu utotoni, Ellen Nussey, aliomba aandikiwe habari za mama mwingine waliyemfahamu, aliyewahi kuugua hivyo akapona: aliumwa muda gani, na vipi?

Barua hiyo huwa inanigusa kuliko riwaya zake. Mwandishi maarufu, mke wa mchungaji, ameshaonwa na daktari, na bado anatafuta mama mmoja aliyepitia hali ile amweleze ukweli. Ni swali lilelile mnaloniandikia ninyi.

Hali ya Charlotte ina jina leo: kutapika kupita kiasi katika ujauzito. Huwapata wanawake wachache, kati ya mmoja na watatu hivi katika kila mia. Dalili zake unaweza kuziona mwenyewe nyumbani bila kipimo cha maabara. Mama hawezi kubakiza chakula wala maji kwa siku nzima. Mkojo unakuwa mchache na mweusi kama chai ya rangi, au anapitisha saa nane bila kukojoa. Akisimama anaona kizunguzungu, midomo imekauka, moyo unamwenda mbio. Uzito unashuka, ukiwa ulikuwa na kilo 60 kabla ya mimba na sasa una 57, hiyo ni asilimia tano na inatosha kukupeleka hospitali. Ukitapika damu, ukipata homa, maumivu ya tumbo au kuanza kuchanganyikiwa, usisubiri kuche.

Hospitali watakuwekea dripu kurudisha maji na chumvi. Watakupima malaria na maambukizi ya njia ya mkojo, maana nayo hutapisha, na kwa picha ya ultrasaundi wataangalia kama ni mapacha au mimba zabibu. Watakupa dawa ya kuzuia kutapika. Najua wengi mnaogopa dawa katika mimba changa, na hofu hiyo ina historia: mwishoni mwa miaka ya 1950 dawa ya thalidomide ilitolewa kwa wajawazito wa nchi nyingi na maelfu ya watoto wakazaliwa na viungo pungufu, hadi ilipoanza kuondolewa sokoni mwaka 1961. Ndiyo maana hupaswi kujinunulia kidonge dukani. Lakini zipo dawa za kuzuia kutapika ambazo wajawazito wamezitumia kwa miongo mingi na zimefuatiliwa, daktari anazijua. Na kama umetapika kwa wiki kadhaa, waulize kuhusu vitamini B1 kabla hujawekewa dripu ya sukari. Akiba yake mwilini huisha upesi, na sukari ikitangulia inaweza kuudhuru ubongo.

Mwaka 1855 hakuna lolote kati ya hayo lililokuwepo Haworth. Daktari mmoja wa Scotland, Thomas Latta, alikuwa ameshajaribu kuingiza maji ya chumvi kwenye mishipa ya wagonjwa wa kipindupindu mwaka 1832, na baadhi walifufuka mbele ya macho yake. Madaktari wenzake hawakuifuata njia hiyo, ikaachwa kwa miongo. Wazo lilikuwepo miaka 23 kabla Charlotte hajalala kitandani.

Mumewe alimuuguza mwenyewe, na Charlotte aliandika kwamba hakuna mke aliyewahi kupata mume mwenye upendo kuliko wake. Mtumishi Martha Brown alijaribu kumtia moyo kwa kumkumbusha mtoto anayekuja. Akajibu kuwa pengine siku moja atafurahi, ila sasa anaumwa mno. Februari hiyohiyo Tabitha, mtumishi mzee aliyewalea tangu utotoni, alifariki. Februari 17 Charlotte alibadilisha wosia wake na kumwachia mumewe kila kitu. Sijui kama unaona ninachokiona: mgonjwa alikuwa anajua, wakati watu wazima wote waliomzunguka walikuwa bado wanasubiri mimba ikue ili kutapika kukome.

Katikati ya Machi kutapika kulikoma kweli. Akaanza kuomba chakula, akala kwa pupa, huku akili ikimtoka na kurudi. Mwili ulikuwa umeshachelewa. Alifariki alfajiri kuelekea Machi 31, wiki tatu kabla ya kutimiza miaka 39, na mimba yake ikafa naye. Kengele ya kanisa aliloolewa miezi tisa tu nyuma ndiyo iliyowatangazia wana-Haworth.

Cheti cha kifo kiliandikwa kifua kikuu. Mimba haikutajwa. Wataalamu wanabishana hadi leo: wapo wanaoamini cheti, kwa kuwa ugonjwa huo ulishaimaliza familia, na wapo waliofikiria tezi zilizo juu ya figo. Lakini mwaka 1972 daktari wa uzazi Philip Rhodes alizipitia habari za ugonjwa wake akaona zinaelekea kwenye kutapika kupita kiasi kwa ujauzito, na madaktari wengi walioandika baadaye wamekubaliana naye. Mimi pia, ingawa inawezekana kabisa mapafu yake hayakuwa mazima.

Kwa muda mrefu baada ya hapo wapo waliodai kuwa mwanamke anayetapika hivyo ana hofu ya kuwa mama, yaani ni mambo ya akili. Huenda umeyasikia hata nyumbani kwako kwa maneno mengine, kwamba huyu anajidekeza, sisi tulizaa sita na tulilima. Mwaka 2023 watafiti walionyesha mchango mkubwa wa homoni iitwayo GDF15, inayomwagwa kwa wingi na mtoto na kondo la nyuma. Mwanamke ambaye mwili wake ulikuwa na kiasi kidogo cha homoni hiyo kabla ya mimba ndiye inayemwangusha zaidi inapopanda ghafla. Wifi yako anaweza kuwa alizaliwa na nyingi. Sio ushujaa wake wala uzembe wako.

Mzee Patrick alimzika mtoto wake wa sita na wa mwisho, akaishi hadi mwaka 1861 akiwa na miaka 84. Mkwe aliyemkataa alibaki naye katika nyumba ileile miaka sita, akimhudumia hadi siku alipokufa. Kisha Arthur alirudi Ireland, akaacha uchungaji na kuwa mkulima. Alifariki mwaka 1906, miaka 51 baada ya Charlotte.