ARTHUR ASHE: MPOLE ALIYEKATAA KUNYAMAZA

Wadau, kila ikifika mwisho wa Agosti mashindano ya tenisi ya US Open yakianza kule New York, lazima utasikia watangazaji wakitaja uwanja wa Arthur Ashe. Ndio uwanja wa tenisi mkubwa kuliko yote duniani, unachukua watu zaidi ya 23,000. Ukimuuliza kijana huyo Ashe ni nani, anaweza kukwambia labda ni tajiri aliyetoa hela za kujenga. Wapi! Jamaa alikuwa mtoto wa mtunza kiwanja, mweusi, aliyezaliwa kwenye mji ambao viwanja vizuri vya tenisi vilikuwa vya Wazungu peke yao.

Alizaliwa tarehe 10 Julai 1943 mjini Richmond, jimbo la Virginia, kusini mwa Marekani. Enzi hizo mweusi na mweupe hawakusoma shule moja wala kukaa siti za pamoja kwenye basi. Baba yake alikuwa mtunzaji wa Brook Field, kiwanja cha michezo cha watu weusi, na familia iliishi humo humo ndani. Mlango ukifunguliwa tu, viwanja vya tenisi viko mbele. Mama yake alifariki mwaka 1950, Arthur akiwa na miaka 6 tu. Akabaki na baba mkali asiyetaka mchezo na nidhamu, pamoja na mdogo wake Johnnie.

Mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akifanya mazoezi pale, Ron Charity, ndiye aliyemfundisha kushika raketi. Baadaye akampeleka kwa Dk. Robert Walter Johnson wa Lynchburg, daktari mweusi ambaye pia aliwahi kumnoa Althea Gibson, mweusi wa kwanza kutwaa Wimbledon.

Sasa huyu mzee alikuwa na sheria zake, na ndizo zilizomtengeneza Ashe. Usibishane na mwamuzi. Mpira wa mpinzani ukitoka nje kidogo tu, hesabu umeingia. Usitupe raketi. Ukimkabidhi mpinzani mipira, mkabidhi kwa adabu. Siyo uoga huo wadau, ni akili. Mzee alijua vijana weusi wakiingia mashindano ya Wazungu wanatafutiwa sababu, na ugomvi mmoja tu ungetosha kuwafungia mlango wote. Ashe akazoea kuficha hasira, na tabia hiyo ilimfaa lakini pia ilimletea lawama maisha yake yote.

Alipata ufadhili wa masomo chuo kikuu cha UCLA, California. Mwaka 1963 akawa mweusi wa kwanza kuitwa timu ya Marekani ya Kombe la Davis, na 1965 akawa bingwa wa vyuo nchi nzima. Alimaliza shahada ya biashara 1966, kisha akaingia jeshini akiwa luteni.

Mwaka 1968 ndio dunia ikamjua. US Open ilikuwa ya kwanza kuruhusu wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa kucheza pamoja. Ashe, bado mwanajeshi na bado wa ridhaa, alimtoa Tom Okker wa Uholanzi kwenye fainali ya seti tano. Cheki kituko sasa: aliyeshindwa aliondoka na dola 14,000, bingwa akaambulia posho ya dola 20 kwa siku, kwa sababu sheria za ridhaa hazikumruhusu kuchukua zawadi. Mwaka 1970 akaongeza ubingwa wa Australia.

Mwaka huo huo wa 1970 alizunguka Afrika na mwenzake Stan Smith kwa ziara ya serikali ya Marekani, na Kenya na Tanzania zilikuwemo kwenye msafara. Mwaka uliofuata alikwenda Cameroon, na pale Yaoundé akamwona dogo wa miaka 11 akicheza vizuri mno. Akawapigia simu watu wa tenisi Ufaransa wamchukue. Dogo huyo ni Yannick Noah, ambaye mwaka 1983 alichukua ubingwa wa French Open.

Ashe pia alipigania maslahi ya wachezaji wenzake. Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama chao cha ATP mwaka 1972. Mwaka 1973 Nikola Pilić wa Yugoslavia alipofungiwa kwa sababu ya mgogoro na chama cha nchi yake, wachezaji zaidi ya 70 waligomea Wimbledon, Ashe akiwemo. Ndiyo maana fainali ya mwaka ule ikawa kati ya Jan Kodeš wa Czechoslovakia na Alex Metreveli wa Umoja wa Kisovieti, na Kodeš akashinda.

Tukija sasa kwenye jambo lililozua ubishi mkubwa kuliko yote. Afrika Kusini ya makaburu ilimnyima Ashe viza mwaka 1969, ikamnyima tena 1970. Alipigania nchi ile ifukuzwe Kombe la Davis, na ikafukuzwa. Halafu mwaka 1973 makaburu wakageuka, wakampa viza. Ashe akasema anakwenda, ila kwa masharti: watazamaji wasitenganishwe kwa rangi, na yeye awe huru kwenda na kusema anachotaka.

Wanaharakati wengi walikasirika. Walisema anawapamba makaburu, na kuna waliomwita kibaraka. Na hoja yao haikuwa ya kupuuza, maana serikali ile ilikuwa inatafuta picha kama hizo ili iseme mambo yamebadilika. Ashe yeye aliamini mtu mweusi akionekana huru, akiwapiga Wazungu uwanjani kwao, kuna kitu kinavunjika kichwani mwa mkandamizaji na mkandamizwaji. Alicheza Johannesburg, akafungwa na Jimmy Connors fainali ya mmoja mmoja, akashinda ya wawili wawili akiwa na Okker. Kijana mmoja wa kitongoji cha Alexandra, Mark Mathabane, alimwona akicheza. Miaka mitano baadaye kijana huyo alikwenda Marekani kusoma kwa sababu ya tenisi, akaja kuwa mwandishi maarufu.

Lakini Ashe hakung'ang'ania msimamo wake. Miaka ilivyokwenda aliona kuwa kutembelea na kuongea hakutoshi, akaunga mkono nchi ile itengwe kabisa. Mwaka 1983 alishirikiana na mwimbaji Harry Belafonte kuanzisha umoja wa wasanii na wanamichezo dhidi ya ubaguzi. Januari 1985 yule yule mpole alikamatwa na polisi akiandamana mbele ya ubalozi wa Afrika Kusini mjini Washington.

Turudi uwanjani kidogo, maana Wimbledon ya 1975 haiwezi kurukwa. Connors alikuwa na miaka 22, namba moja duniani, na hakuwa amepoteza seti hata moja kwenye mashindano yale. Ashe alibakiza siku tano atimize 32. Tena Connors alikuwa amemshtaki mahakamani. Kila mtu alisema babu anakwenda kuchinjwa. Ashe kwa kawaida alikuwa mpigaji wa mashuti makali, na mashuti makali ndiyo Connors aliyapenda. Siku ile akabadilika kabisa: mipira ya polepole, ya chini, ya pembeni. Wakati wa mapumziko alikaa kwenye kiti kafumba macho, katulia. Akashinda 6-1, 6-1, 5-7, 6-4. Akawa mwanamume mweusi wa kwanza kutwaa Wimbledon.

Mwaka 1977 alimuoa mpigapicha Jeanne Moutoussamy. Mwaka 1979, akiwa na miaka 36, alipata mshtuko wa moyo, akafanyiwa upasuaji, na 1980 akastaafu. Akiwa nahodha asiyecheza, aliiongoza Marekani kutwaa Kombe la Davis 1981 na 1982. Upasuaji wa pili wa moyo ulifanyika 1983, akaongezewa damu. Wakati huo damu ilikuwa bado haipimwi virusi vya UKIMWI. Mwaka 1988 mkono wake wa kulia ulikufa ganzi, vipimo vikaonyesha ameambukizwa.

Aliificha siri hiyo kwa miaka zaidi ya mitatu, akimlinda binti yake mdogo, Camera. Mwaka 1992 gazeti moja likapata fununu na kuanza kumfuatilia. Tarehe 8 Aprili akaita waandishi akasema mwenyewe. Aliumia kwamba hakupewa nafasi ya kuchagua wakati wake, na mjadala wa kama gazeti lilitenda haki ulikuwa mkubwa. Hata hivyo hakujifungia ndani. Alianzisha mfuko wa kupambana na UKIMWI, na tarehe 1 Desemba 1992 akahutubia Umoja wa Mataifa. Miezi mitatu kabla ya hotuba hiyo, akiwa mgonjwa, alikamatwa tena mbele ya Ikulu ya Marekani akitetea wakimbizi wa Haiti.

Alifariki tarehe 6 Februari 1993, miaka 49. Akazikwa Richmond karibu na mama yake. Mwaka 1996 mji ule ule uliomfungia viwanja ulimwekea sanamu kwenye mtaa uliokuwa umejaa sanamu za majenerali waliopigana kutetea utumwa. Kati ya 2020 na 2021 sanamu za majenerali zikang'olewa zote mtaani pale. Ya Ashe ikaachwa.

Kuna watu wanaona mtu asiyepiga kelele ni mtu asiye na msimamo. Huyu alikamatwa mara mbili, akabadili mawazo hadharani alipoona ukweli, na hakumtukana mtu.

Haya wadau, uwanja ni wenu: mwaka 1973 alifanya sawa kwenda kwa makaburu, au wanaharakati ndio walikuwa sahihi? Maoni ruksa, matusi hapana.