Karaeng Pattingalloang, Waziri wa Makassar Aliyezijua Ndimi za Wageni

Jioni moja, baada ya sala ya alasiri, mpwa wangu ambaye ni karani wa meli huko Kilindini aliniletea karatasi iliyokunjwa mara nne. Alipewa na baharia mmoja wa Indonesia, mzaliwa wa Makassar, mji wa bandari ulioko kisiwa cha Sulawesi. Upande wa kushoto baharia alikuwa ameandika maneno ya kwao ya kila siku, na upande wa kulia maana zake kwa Kiingereza. Mpwa wangu akaniomba, mimi mjomba wake niliyezoea kushika kalamu, nitie na Kiswahili chake.

Nilidhani ni kazi ya kumaliza kabla kahawa haijapoa. Neno la kwanza lilikuwa apa kareba, na mbele yake Kiingereza cha kuulizana hali. Lakini kareba si hali. Kareba ni habari yetu hii hii, neno la Kiarabu lililopanda chombo likaenda mashariki kama lilivyokuja kwetu. Apa kareba ni habari gani, wala hapana la kuongeza. Jibu lake ni baji'-baji', yaani njema.

Neno la pili ndilo lililonishinda: inai arenta. Kwa Kiingereza imeandikwa kwamba ni kumwuliza mtu jina lake. Naam, ni hivyo, lakini tazama lilivyojengwa. Inai ni nani, areng ni jina, na ile ta ya mwisho ni letu, letu sisi sote pamoja na wewe unayeambiwa. Mmakassar akimstahi mtu hamwambii jina lako, humwambia jina letu. Akiwa ni mtoto au mtu wa rika lake, hapo husema arennu. Vivyo hivyo wakutanapo njiani wakaulizana waelekea wapi: lakereko mae kwa rafiki, lakereki' mae kwa mwenye heshima zake. Hata naam wana mbili, io ya kawaida na iye' ya adabu. Kiingereza cha baharia kimezitia zote katika chungu kimoja. Wala simlaumu. Sisi twapeleka heshima kwa shikamoo, na kwa kumwita mtu ami, mzee, maalim au sharifu. Mwingereza hana mahali pa kuitia.

Nikiwa nimekwama hapo, akanijia akilini mtu wa mji ule ule ambaye kazi hii ya kuvusha maneno aliifanya maisha yake yote, na ambaye wasomaji wetu wa pwani yafaa wamjue. Huyo ni Karaeng Pattingalloang, waziri mkuu wa Gowa, dola ya Kiislamu iliyotawala Makassar katika karne ya 17.

Karaeng ni jina la ubwana. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa I Mangadacinna Daeng I Ba'le', na jina lake la Kiislamu Mahmud. Hapa nakiri kwamba nimevunja adabu za kwao. Waandishi wa tarikh za Makassar, wanapolazimika kutaja jina la kuzaliwa la mkubwa, kwanza huomba wasivimbe mwili kwa kosa hilo. Nami naomba vivyo hivyo.

Alizaliwa mwaka 1600. Baba yake, Karaeng Matoaya, alikuwa bwana wa Tallo, mji pacha wa Gowa, na pia waziri wa dola nzima. Mwaka 1605 Matoaya alitamka shahada, akaitwa Sultan Abdullah, na mfalme wa Gowa akamfuata akaitwa Sultan Alauddin. Kwa hiyo mtoto alikuwa na umri wa miaka mitano nyumba yao ilipoingia katika Uislamu.

Bandari ile ilikuwa imefunguliwa kwa kila mtu: Wamalai, Wareno, Waingereza waliofungua nyumba yao ya biashara mwaka 1613, Wadenmark, Wachina, Wahindi. Waholanzi walitaka karafuu na basibasi za visiwa vya Maluku ziwe zao peke yao, lakini Sultan Alauddin alikataa, akashikilia kwamba bahari Mungu ameifanya ya watu wote. Lugha za kuuziana zilikuwa Kimalai na Kireno. Mwingereza wa siku zile aliyetaka kumjulia hali mkubwa wa Makassar hakuwa na njia ya moja kwa moja, ilimpasa apitie Kimalai au Kireno.

Na Kireno Pattingalloang alikijua vilivyo. Padri wa Kifaransa, Alexandre de Rhodes, aliyefika Makassar katika mwaka 1646, ameandika kwamba mtu akimsikia bila ya kumwona angedhani ni Mreno mzaliwa wa Lisbon. Padri huyo hakuwa mgeni wa mambo ya lugha, maana ndiye aliyechapisha kamusi ya Kivietnam kwa Kireno na Kilatini mwaka 1651. Asema waziri alikuwa na vitabu mkononi wakati wote, hasa vya hisabati, na alizisoma tarikh za wafalme wa Ulaya. Alisoma Kispania na Kilatini pia. Padri alitamani sana kumbatiza. Waziri alimsikiliza, akajadiliana naye kwa adabu, akabaki Mwislamu mpaka kufa kwake.

Sisi watu wa Mombasa jambo hili latugusa. Zama zile zile Wareno walikuwa wamekaa Fort Jesus wakitutawala. Yusuf bin Hassan, mwana wa sultani wetu, naye alijua Kireno, lakini alikijua kwa kupelekwa Goa angali mtoto, akalelewa na mapadri na kubatizwa. Alirudi mwaka 1626, na mwaka 1631 akawainukia. Pattingalloang alikijua akiwa kwao, juu ya mkeka wake, na Mreno ndiye aliyekuwa mgeni wa kuomba ruhusa. Waholanzi walipoiteka Melaka mwaka 1641, Wareno wengi walikimbilia Makassar, wakapewa mahali pa kukaa. Mfanyabiashara wao mkubwa, Francisco Vieira de Figueiredo, alikuwa rafiki na mshirika wa waziri huyu. Nyayo za Wareno ziko katika lugha zote mbili hadi leo: sisi tuliwachukulia neno la meza, Wamakassar wakachukua la kiti, nao hukiita kadera.

Uwaziri aliushika mwaka 1639, Sultan Alauddin alipofariki na Sultan Malikussaid kurithi. Cheo chake kwa Kimakassar ni tumabicara butta. Tu ni mtu, mabicara ni mwenye kunena na kuamua, butta ni nchi. Ukiandika waziri mkuu hujakosea, lakini umeacha nje ile sehemu ya kunena, na kwa mtu huyu ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe.

Katika mwaka 1644 alipeleka kwa Waholanzi wa Batavia orodha ya vitu alivyotaka, na malipo yake kwa sandali. Aliagiza darubini, na juu ya yote tufe kubwa la dunia, lenye maandishi ya Kilatini, Kispania au Kireno ili aweze kulisoma mwenyewe. Kazi ilipewa Joan Blaeu wa Amsterdam, bingwa wa ramani. Mzingo wake ulikuwa kama futi 13. Miaka ikapita, tufe likafika Makassar mwaka 1651, na mshairi mashuhuri wa Uholanzi, Vondel, akalitungia beti. Nafikiri Waholanzi waliona wanamfurahisha mzee kwa pambo la sebuleni. Mimi naona alitaka kujua watu hawa watoka wapi, na wana njia ngapi za kurudi.

Zama hizo pia vitabu vya Kispania na Kireno vya kutengeneza na kutumia mizinga vilifasiriwa kwa Kimakassar, vikaandikwa kwa herufi zao wenyewe. Fikiri kazi ya mfasiri yule, baruti, mtutu, kipimo cha pembe, kila neno kulitafutia kiti. Mimi hapa nashindwa na arenta.

Malikussaid alifariki mwaka 1653, na waziri wake akamfuata Septemba 1654. Tangu hapo kwao hatajwi kwa jina lake. Huitwa Tumenanga ri Bontobiraeng, aliyelala Bontobiraeng, kama ilivyo desturi yao ya kuwaita wakubwa waliokufa kwa mahali walipolala. Uwaziri ulimwangukia mwanawe Karaeng Karunrung, chini ya Sultan Hasanuddin.

Amani haikudumu. Waholanzi wakishirikiana na Wabugis wa Arung Palakka waliipiga Gowa, na tarehe 18 Novemba 1667 Hasanuddin akalazimika kutia sahihi mkataba wa Bungaya. Mkataba huo uliwatoa Makassar Wareno na Waingereza wote, na biashara ikabaki mikononi mwa Mholanzi. Mwaka 1669 ngome ya Somba Opu ikaanguka. Bandari iliyosema na kila mtu ikabakishiwa mteja mmoja.

Mpwa wangu alirudi juzi kuulizia karatasi, maana meli inang'oa nanga. Nimeijaza yote. Apa kareba niliimaliza mwanzo. Iye' nimeiandikia labeka, ingawa si sawasawa. Mbele ya arenta niliandika jina lako nikafuta, nikaandika jina lenu nikafuta, mwisho nikaandika jina letu, na pembeni nikamwekea baharia alama ya kuuliza.