Dkt. John Williamson: Mgunduzi wa Almasi ya Mwadui Aliyejenga Mji Ndani ya Uzio

Msafiri atokaye Shinyanga mjini kuelekea Mwanza hufika Maganzo kabla ya kuona dalili yoyote ya almasi. Maganzo ni mji wa barabarani kama ilivyo mingine mingi ya Usukuma, wenye maduka, wasafirishaji na wafanyabiashara wadogo waliotandaza bidhaa kando ya lami. Jirani yake, ng'ambo ya uzio, upo Mwadui, mji wa mgodi. Yote miwili imo katika Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, na yote miwili imelelewa na shimo moja la almasi. Hata hivyo, kwa miongo mingi swali la nani azoe taka, nani azibue mfereji na nani alinde njia usiku lilijibiwa kwa namna moja upande huu wa uzio na kwa namna nyingine upande ule. Tofauti hiyo ilianza na mtu mmoja.

John Thorburn Williamson alizaliwa tarehe 10 Februari 1907 huko Montfort, katika jimbo la Quebec nchini Kanada. Alisoma katika Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, ambako aliingia akiwa na mawazo ya masomo mengine kabla ya kuvutwa na jiolojia, na mwaka 1933 alihitimu shahada ya uzamivu katika fani hiyo. Kazi ilimleta Afrika, kwanza Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kisha Tanganyika, katika mgodi mdogo wa almasi wa Mabuki, kusini mwa Mwanza.

Mabuki haikuwa na utajiri mkubwa, lakini ilimpa Williamson hoja. Aliamini kwamba mahali palipo na mwamba mmoja wenye almasi panaweza kuwa na mwingine ulio bora zaidi, na kwamba nyanda za Usukuma zilikuwa zimeuficha chini ya udongo. Aliacha ajira akaanza kutafuta kwa gharama zake, akitembea na vibarua wachache, wakichimba vishimo na kuchekecha mchanga kutoka eneo moja hadi jingine. Fedha zilimwishia. Homa zilimwandama. Wakili wa Mwanza mwenye asili ya Kihindi, Iqbal Chand Chopra, ndiye aliyemsaidia kwa fedha na ushauri wa kisheria, na baadaye akawa mshirika wake katika kampuni.

Mwezi Machi 1940 almasi ilipatikana Mwadui. Zipo simulizi nyingi kuhusu siku hiyo. Wapo wanaotaja mbuyu, wapo wanaotaja gari lililokwama, na wapo wanaosema jiwe la kwanza liliokotwa na msaidizi wake Mwafrika. Simulizi hizo hazifanani na zimekolezwa kila ziliposimuliwa. Lisilo na ubishi ni kwamba chini ya udongo ule kulikuwa na mwamba wa kimbalaiti wenye eneo la takriban hekta 146, mojawapo ya miamba mikubwa zaidi ya aina hiyo iliyowahi kuchimbwa duniani. Mwaka 1942 iliundwa kampuni ya Williamson Diamonds Limited. Mwaka 1947 ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5, ambayo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya harusi yake. Baada ya kukatwa ilibaki na karati 23.6. Zawadi hiyo ndiyo inayotajwa zaidi kila jina lake linapotajwa ughaibuni, ingawa kwa wakazi wa Shinyanga kazi yake kubwa ilikuwa nyingine.

Kazi hiyo ni mji. Mwadui ya mwaka 1940 haikuwa na barabara ya kufaa wala maji ya kutosha mitambo, sembuse watu. Shinyanga yenyewe ilikuwa mji mdogo wa stesheni kwenye reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza. Kusafisha almasi kunahitaji maji mengi, mitambo inahitaji umeme, na mafundi wanahitaji pa kulala na pa kutibiwa. Williamson alilazimika kujenga vyote hivyo. Kufikia miaka ya 1950, Mwadui ilikuwa na maji, umeme wake yenyewe, hospitali, shule, kiwanja cha ndege na nyumba za maelfu ya wafanyakazi na familia zao. Katika Kanda ya Ziwa ya wakati huo, ni miji michache iliyokuwa na huduma za namna hiyo kwa pamoja.

Aliyesimamia yote hayo hakuwa serikali ya mtaa. Miji midogo ya Tanganyika iliendeshwa chini ya maofisa wa kikoloni, na vijiji viliongozwa na watemi, ambao kwa Usukuma waliunganishwa katika shirikisho lenye makao yake Malya baada ya Vita Kuu ya Pili. Ndani ya uzio wa Mwadui mwenye kauli ilikuwa kampuni, na kampuni ilikuwa Williamson. Hapakuwa na diwani, wala sheria ndogo iliyojadiliwa na wananchi, wala ushuru wa taka. Mtaa ulifagiliwa kwa sababu mwajiri aliamuru, na mfagiaji alilipwa kutoka katika fuko lile lile lililomlipa mchimbaji. Kwa kadiri ya usafi, utaratibu huo ulifanya kazi vizuri, na si haki kuupuuza.

Gharama yake ilikuwa ya aina nyingine. Makazi yalipangwa kwa rangi, kama ilivyokuwa kawaida ya enzi ya ukoloni. Aliyepoteza kazi alipoteza pia nyumba, bomba na hospitali. Uzio, walinzi na upekuzi vililenga kwanza kulinda mawe. Usalama wa wakazi ulifuata baadaye. Na kila mtu aliyevutwa na mgodi bila kuajiriwa, awe mama wa mgahawa, fundi cherehani au kijana aliyekuja kubahatisha, alibaki nje. Taka zake na giza lake havikuwa katika hesabu ya mtu yeyote.

Williamson mwenyewe hakuwa mtu wa mikutano. Hakuoa, hakupenda kutembelewa na waandishi, na alishikilia uamuzi wake hata ulipomgharimu. Kati ya mwaka 1950 na 1952 aligombana na umoja wa wauzaji almasi wa London kuhusu bei, akazuia mawe yake hadi makubaliano mapya yalipofikiwa. Ukaidi huo ulimfaa katika biashara. Kwa mji, maana yake ilikuwa kwamba kila jambo, kubwa kwa dogo, lilitegemea afya ya mtu mmoja. Afya hiyo iliharibika mapema. Alifariki dunia Januari 1958 kwa saratani ya koo, akiwa na umri wa miaka 50.

Katika mwaka huo huo warithi wake waliuza hisa, na mgodi ukawa mali ya kampuni ya De Beers na Serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serikali iliuchukua wote. Mitambo ilizeeka, uzalishaji ukashuka mwaka hadi mwaka, na huduma zilizotegemea mapato ya almasi zikapungua pamoja nayo. Kwa upande wa Geita, mgodi wa dhahabu wa enzi ya ukoloni ulikuwa umekwisha kufungwa mwaka 1966.

Bahati mbaya ni kwamba miaka hiyo ya udhaifu wa migodi ilikuwa pia miaka ambayo halmashauri hazikuwepo. Chini ya mpango wa Madaraka Mikoani ulioanza mwaka 1972, halmashauri za wilaya zilivunjwa, zikafuatiwa na za miji, na kazi zake kukabidhiwa kwa watendaji wa Serikali Kuu wilayani na mikoani. Uzoaji wa taka, mifereji na vyoo vya umma vilikosa mwenyewe wa karibu. Kipindupindu kilipolipuka nchini mwaka 1977, udhaifu huo ulionekana wazi. Halmashauri za miji zilirejeshwa mwaka 1978, na mwaka 1982 zikatungwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Namba 7, na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Namba 8, ambazo ndizo msingi wa halmashauri za leo. Kwa mkazi wa Maganzo, hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi kuwa na chombo cha kuchaguliwa cha kupelekea malalamiko kuhusu dampo au mfereji ulioziba.

Wilaya ya Kishapu ilianzishwa mwaka 2002. Utaratibu wa halmashauri ni wa polepole ukilinganishwa na amri ya Williamson. Sheria ndogo ya usafi hupelekwa kwanza kwa wananchi watoe maoni, hujadiliwa na Baraza la Madiwani, huidhinishwa na Waziri mwenye dhamana ya Serikali za Mitaa, kisha hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Hapo ndipo afisa afya anapopata nguvu ya kutoza faini kwa atupaye taka ovyo, na mtendaji wa kata anapoweza kukusanya ada ya uzoaji. Mwenye duka anayeona ada ni kubwa ana mlango wa kubisha: diwani wake. Mkazi wa Mwadui wa mwaka 1955 hakuwa na mlango huo.

Fedha za migodi nazo zimebadili njia. Kampuni hulipa halmashauri ushuru wa huduma unaotokana na mauzo yake. Aidha, kufuatia marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, mpango wa kila mwaka wa mgodi wa kuchangia maendeleo ya jamii ni lazima ukubaliwe na halmashauri husika. Mjini Geita, ambako uchimbaji mkubwa ulirejea mwaka 2000, taa za barabarani ni miongoni mwa miradi iliyotekelezwa kwa fedha za mgodi, na huwaka kwa mfanyakazi wa mgodi na kwa muuza karanga vilevile.

Uzio wa Mwadui bado upo, lakini hauzuii kila kitu. Novemba 2022 kingo za bwawa la tope la mgodi zilibomoka, na tope likafika katika makazi na mashamba ya wananchi wa jirani. Suala la fidia, maji salama na makazi ya walioathirika halikubaki la kampuni peke yake. Liliwahusu pia viongozi wa kijiji, halmashauri, wilaya na mkoa.

Wamiliki wa mgodi wamebadilika mara kadhaa tangu De Beers iliporejea mwaka 1994, lakini kampuni imeendelea kuitwa Williamson Diamonds Limited. Mipango ya huduma kwa jamii inayoandaliwa kwa jina hilo sasa hupelekwa Mhunze, yaliyo makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Kishapu, na wanaoijadili ni madiwani, akiwemo wa Maganzo.